Sura ya Saba: Siku ya Tatu Mpe Ndoo

Methali ya mgeni na jembe nimeisikia tangu utotoni, Tanga, na kwa miaka mingi niliielewa nusu. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Nilidhani ni maneno ya mwenye nyumba aliyechoka, anayetafuta njia ya heshima ya kumwonyesha mtu barabara. Ilinibidi nifike mahali pasipo na shamba wala jembe, mita 3,016 juu ya usawa wa bahari, nilale ndani ya nyumba ya sufu isiyofikiwa na waya wala bomba, ndipo nikaisikia methali ile kwa sikio la mgeni. Siku mbili za kwanza nililishwa, nilifunikwa, nilitunzwa kama yai. Siku ya tatu nilipewa ndoo, na siku hiyo ndiyo niliyofika.

Mahali penyewe ni Song-Köl, ziwa lililotulia katikati ya milima ya Tian Shan, katika mkoa wa Naryn, nchini Kirgizia. Ukitaka kukipima kimo chake kwa macho ya nyumbani, fikiria njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro: kituo cha Mandara kiko mita 2,720, cha Horombo mita 3,720. Song-Köl liko baina ya hivyo viwili. Lakini hapa hupandi kilele. Unatokea kwenye uwanda mpana, ziwa lenye urefu wa kilomita 29 na upana wa kilomita 18, nyasi zikilizunguka pande zote hadi miguuni mwa milima yenye theluji. Hakuna mti hata mmoja. Hakuna nguzo ya umeme. Majira ya baridi ziwa huganda na wafugaji huwa wameshashuka mabondeni. Theluji ikiyeyuka, kuanzia Juni, familia hupanda na kondoo, ng'ombe na farasi wao, hukaa hadi Septemba, kisha hushuka tena na nyumba zao. Malisho hayo ya kiangazi wanayaita jailoo.

Nyumba zenyewe dunia inaziita yurta, jina lililopita kwenye Kirusi. Wakirgizi husema *boz üy*, nyumba ya kijivu, kwa rangi ya sufu inayoifunika. Kwa mbali, usiku, ni vilima vidogo vya giza vinavyotoa moshi. Na moshi huo una maana yake: katika Kikirgizi neno *tütün* ni moshi, na pia ni kaya. Zamani aliyetaka kujua bonde lina familia ngapi alihesabu moshi.

Siku ya kwanza: kaa

Kutoka Bishkek, mji mkuu, nilipanda basi dogo la abiria, ndugu wa daladala zetu, hadi mji wa soko wa Kochkor. Kutoka hapo gari la kukodi lilipanda njia ya vumbi mpaka kwenye mpito wa Kalmak-Ashuu, mita 3,446, ambako theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara ingawa ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni. Simu ilikuwa imeshapoteza mtandao. Gari likavuka ukingo, na ziwa likajitokeza lote kwa pamoja.

Kichwa kilianza kunigonga kabla sijashuka. Kwenye kimo hiki kila pumzi ina oksijeni ipatayo asilimia 70 ya ile ya pwani, nami usiku uliotangulia nilikuwa nimelala Bishkek, mita 800 hivi tu. Nilipanda haraka kuliko mwili ulivyoweza kufuata. Atakayepita njia hii alale kwanza usiku mmoja Kochkor, anywe maji mengi, na akifika juu atembee kama waongozaji wa Kilimanjaro wanavyowahimiza wageni wao kila siku: pole pole. Kichwa kikizidi na kutapika kukaanza, dawa ya kweli ni moja, kushuka.

Wenyeji wangu walikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mumewe, mtoto wao wa kiume, na binti mdogo anayesoma chuo Bishkek, aliyekuja likizo na kuwa mkalimani wangu. Nilitoa salamu kama tunavyotoa pwani, *assalaam alaykum*, na mzee akaitika kwa maneno yale yale, kiganja kifuani. Mama nilimwita *apa*, neno lao la mama. Yeye hakuniuliza jina mara ya pili. Tangu hapo aliniita *kyzym*, binti yangu.

Walikuwa wamefika juu siku nne kabla yangu. Nyumba yao ilishasimama. Ya wageni ilikuwa bado lundo juu ya nyasi. Basi nilipata bahati ya kuiona nyumba nitakayolala ikizaliwa mbele ya macho yangu.

Kwanza walisimamisha mlango, fremu tupu ya mbao nyekundu katikati ya uwanda, ukiuvuka huingii popote. Kisha wakaleta ukuta. Ulikuja umekunjwa: fito zilizopishana kama wavu, kila zinapokutana zimefungwa kwa kipande cha ngozi mbichi iliyokaukia hapo hapo. Msumari haumo. Watu wawili wakivuta huku na huku, mzigo wa kubebwa kwapani unafunguka na kuwa ukuta wa kifua cha mtu. Kuta kadhaa za namna hiyo, ziitwazo *kerege*, zikaunganishwa duara hadi zikarudi mlangoni, na mkanda mpana uliofumwa ukazungushwa juu yake.

Halafu ikaja kazi iliyonyamazisha watu wote. Kijana akasimama katikati ya duara na mti mrefu wenye panda, *bakan*, na juu ya panda hiyo akainua gurudumu la mbao lenye matundu pembeni yote. Hilo ndilo *tunduk*, taji la nyumba. Alilishikilia hewani, shingo imekakamaa, huku mzee na binti wakizunguka na makombamoyo yaliyopindwa kwa mvuke: ncha moja wanaichomeka kwenye tundu la taji, nyingine wanaifunga kwenye ukuta. La kwanza, la pili upande wa pili, la tatu. Mwanzoni kila kombamoyo lilikuwa mzigo mpya kwa kijana. Walipofika kumi hivi, aliteremsha mikono, akaondoa mti wake, na taji likabaki juu peke yake.

Nimeliwaza sana jambo lile. Makombamoyo yote yanasukuma kuelekea katikati, taji linayasukuma yarudi nje, na ule mkanda wa ukutani unazuia ukuta usitanuke. Hakuna nguzo ya kati, hakuna shimo lililochimbwa, hakuna kigingi kinachobeba uzito. Kila kiungo kinaegemea mwenzake, na kwa kuegemea huko kinasimama. Upepo wa mlimani ukija haukuti pembe ya kushika. Unateleza kwenye mviringo na kupita.

Baadaye wakafunga mikeka ya matete, kisha mablanketi mazito ya sufu isiyofumwa, *kiyiz*, wakayakaza kwa kamba. Haikufika saa mbili. Mara tatu niliinuka kusaidia, na mara tatu apa alinirudisha kwa neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani. Kaa. Mbele yangu kulitandikwa kitambaa cha chakula na kumiminwa vipande vidogo vya unga vilivyokaangwa, *boorsok*, ambavyo mtoto yeyote wa pwani angeviita mahamri bila kufikiri, pamoja na malai mazito na jamu ya matunda. Kikaja na kinywaji ambacho wao wanakiita *chay* na sisi chai. Ulimwengu una njia nyingi, na jani hilo limezipita zote na jina lake. Bakuli walinijazia nusu tu. Nilidhani ni uhaba, kumbe ni adabu: chai kidogo inamlazimu mgeni kulirudisha bakuli, na mwenyeji kulijaza tena, na kila kurudi ni maneno machache zaidi. Tulipomaliza, wote wakainua viganja na kuvipitisha usoni. *Omin*, wakasema. Nikasema amina, na kwa muda mfupi Tanga haikuwa mbali.

Usiku ule ilinyesha. Nilikuwa nimelala chini ya mifarishi minne, naangalia nyota kupitia tunduk iliyoachwa wazi. Nyota zikaanza kupotea upande mmoja. Nikasikia tone la kwanza likitua kwenye jiko na kuungua. Kabla la pili halijaanguka, nikasikia hatua nje, kamba ikavutwa, na kifuniko cha sufu kikateleza juu ya taji. Giza likawa kamili, na mvua ikabaki huko nje ikipapasa. Alikuwa apa. Aliisikia mvua kabla yangu, akatoka kwenye joto lake, akaja kunifungia paa, akarudi bila neno. Nami sikuinuka. Nilikuwa mgeni.

Siku ya pili: tazama

Aliyezoea umeme huamka na kubonyeza. Siku ya pili niliamka na hakukuwa na cha kubonyeza, basi nikaangalia. Kila kitu ambacho mjini kinatoka ukutani, hapa kilitoka mkononi mwa mtu, na ule mkono niliuona.

Moto ulikuja mikononi mwa binti. Aliingia alfajiri, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya majani nje, akapiga magoti mbele ya jiko la bati. Pasipo mti hakuna kuni. Wanachochoma ni samadi. Ya ng'ombe, iliyokauka juani, inawaka kama vifuu vya nazi, kwa moto mkali unaoisha upesi. Ya kondoo, iliyokanyagwa zizini majira yote ya baridi hadi ikawa tabaka gumu, hukatwa matofali na kupandishwa kwa lori. Hiyo inakaa muda mrefu kama mkaa wa mti mgumu. Binti alianza na ya kwanza na kuishia na ya pili. Nilitarajia harufu mbaya, lakini kilichonifikia kilikuwa harufu ya majani makavu yaliyoungua. Bomba la jiko hupanda hadi nje, na kitu kimoja walinieleza kwa uzito kabla sijaachwa peke yangu: jiko lenye makaa halilaliwi ndani ya nyumba iliyozibwa kila mahali. Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwetu tumezika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Maji yalikuja mikononi mwa kijana, ndoo mbili kutoka kijitoni. Kwenye kimo hiki huchemka yakifika nyuzi 90 hivi, kwa hiyo nyama inatokota nusu siku, na anayependa maharage angoje hadi ashuke. Taa ilitoka kwenye paneli ndogo ya sola iliyoegemezwa ukutani na betri ya gari iliyo chini yake: balbu moja, saa chache, kisha usiku. Nilipouliza kama ninaweza kuchaji simu, binti alinijibu kwa upole kwamba inawezekana, ila jana kulikuwa na mawingu. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimeomba sehemu ya mwanga wa chakula chao cha jioni. Niliirudisha simu mkobani, na haikutoka tena.

Maziwa yalikuja mikononi mwa apa. Farasi jike hana kiwele kikubwa kama cha ng'ombe. Hukamuliwa kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili hivi, mchana kutwa. Watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba ndefu iliyolazwa chini ili mama zao wasiende mbali. Kijana alimfungua mtoto mmoja, akamwacha anyonye hadi maziwa yateremke, akamvuta pembeni, na papo hapo apa alikuwa ameshapiga goti moja, ndoo juu ya goti jingine, mkono mmoja umezunguka nyuma ya mguu wa farasi. Kazi nzima ilichukua muda wa kusema bismillahi na dua fupi. Maziwa yale yalimiminwa ndani ya kiriba cha ngozi kilichofukizwa moshi, yakapigwa kwa mpekecho wa mbao, na kuachwa yachachuke yawe *kymyz*. Mpekecho huo huitwa *bishkek*, na jina la mji mkuu mara nyingi huhusishwa nao.

Binti aliniambia, kabla sijagusa bakuli, kwamba uchachu ule huzaa kilevi kidogo. Nilinusa tu: chachu, moshi, ngozi. Nikalirudisha bakuli kwa mikono miwili, wala hakuna aliyeudhika. Mzee akaniongezea chai. Lakini ile harufu ya moshi ndani ya maziwa niliijua. Wakalenjin wa Kenya hufanya mursik kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mti maalumu, na maziwa hutoka na ladha ya moto. Watu wawili wasiowahi kuonana, mmoja na kiriba, mwingine na kibuyu, walikutwa na swali moja, namna ya kutunza maziwa pasipo barafu ya dukani, wakapata jibu linalofanana.

Mchana apa alinionyesha ukuta kwa ndani. Alitaka niushike. Ule uzito wa *kiyiz* unatokana na sufu ya kondoo iliyopigwa kwa fimbo hadi ikalegea, ikatandazwa juu ya mkeka wa matete tabaka kwa tabaka, ikamwagiwa maji ya moto, ikakunjwa na mkeka wake, kisha ikaviringishwa, ikavutwa na kukanyagwa na watu wengi kwa saa nyingi. Nyuzi za sufu zina magamba madogo yasiyoonekana. Zikipata joto, maji na kusuguliwa hushikana na hazirudi nyuma. Mafuta ya asili ya kondoo huzuia mvua, na hewa iliyonaswa katikati huzuia baridi. Apa alinyoosha vidole kuhesabu wanawake waliokanyaga blanketi lile pamoja naye, akanitajia kila mmoja na nyumba yake. Vidole havikutosha. Nikawa nimelala usiku kucha nikiwa nimezungukwa na watu, na sikujua.

Nyumba hii ilikaribia kupotea. Miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwahamishia wafugaji kwenye vijiji vya kudumu na mifugo ikawa ya mashamba ya pamoja. Jailoo haikufa, maana kondoo wa serikali nao walihitaji nyasi, lakini kuhama kwa kaya nzima kuligeuka kazi ya wachungaji wa zamu. Kirgizia ikajitangazia uhuru tarehe 31 Agosti 1991, mashamba yale yakavunjwa, na kwa familia nyingi uhuru ulikuja pamoja na njaa. Kondoo waliokuwa karibu milioni 10 walishuka chini ya milioni 5 ndani ya miaka michache, kwa sababu watu waliwala na kuwauza ili wavuke. Mwaka 2000, kwa msaada wa shirika la Uswisi la Helvetas, familia za Kochkor zilianza kujipanga kupokea wageni majumbani na kwenye malisho. Ada ninayolipa mimi ya kitanda na chakula, mzee alinieleza bila kuzunguka, ndiyo sehemu ya karo ya binti.

Heshima ya nyumba imerudi pia. Bendera ya taifa, iliyopitishwa tarehe 3 Machi 1992, ina jua lenye miale 40, na katikati ya jua ni tunduk. Ufundi wa kutengeneza yurta za Wakirgizi na Wakazaki uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Miaka miwili kabla ya hapo, mazulia ya sufu ya Wakirgizi yaliingizwa kwenye orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Tofauti ya orodha hizo mbili niliiona kando ya ziwa. Nyumba nyingine zimefunikwa turubai, na kwa macho ya mgeni apitaye zote ni sawa. Turubai halihitaji wanawake kumi na wawili kulikanyaga, linanunuliwa sokoni. Nani atamlaumu anayelinunua? Lakini siku mikono ile isipokutana tena, jailoo itakuwa imepoteza kitu kizito kuliko kitambaa.

Siku ya tatu: ndoo

Asubuhi ya tatu kichwa kilikuwa kimetulia. Nilitoka nje nikamkuta apa na ndoo mbili za bati miguuni. Akanitazama, akatazama kijito, akasukuma moja kwa ncha ya kiatu kuelekea kwangu.

"Kyzym," akasema.

Sikuhitaji jingine.

Najua msomaji wa Lushoto au Kishapu atauliza kwa nini mtu avuke mabara kwenda kubeba ndoo, wakati ndoo ipo nyumbani na haina sifa yoyote. Ni swali la haki. Bibi yangu wa Pangani alibeba maji hadi utosi wake ukaota sugu, na hakuna siku aliyonipendezeshea kazi ile. Mimi nimezaliwa mjini, kwenye bomba. Kwa hiyo sisifu ndoo. Nasema tu nilichojifunza nilipoibeba, mimi ambaye wengine walinibebea maisha yangu yote.

Kijito kilikuwa hatua mia tatu. Nilizihesabu kwa sababu kwenye mita 3,016 kila hatua yenye mzigo inajitambulisha. Ndoo ya lita kumi niliiweka chini mara nne. Nilipofika, maji yale hayakuwa tena maji tu. Yalikuwa mapumziko manne. Nikayaangalia yanakwenda wapi. Birika la chai lilichukua robo. Kuosha mabakuli, sehemu ndogo ya robo, maana binti huosha kwa maji ya moto machache sana na mkono wa haraka. Kuosha uso wangu: kopo moja dogo, lilelile la jana, ila leo nilitumia nusu yake bila mtu kuniambia. Mjini tunaandikiwa mabango ya kuhifadhi maji. Mkono uliobeba hauhitaji bango.

Baada ya ndoo milango mingine ikafunguka. Nilifundishwa kukusanya samadi na kuigeuza kwa mguu kwanza, kuona kama chini imekauka. Nilishika mtoto wa farasi kwa kamba huku apa akikamua, nikaburuzwa, nikashika tena. Nilifundishwa pia adabu ambazo siku mbili za kwanza nilisamehewa: kizingiti hakikanyagwi, kinavukwa, mkate hauwekwi kifudifudi, mtu hatembei juu ya kitambaa cha chakula, takataka haitupwi motoni. Na nafasi ndani ya duara lisilo na vyumba: ukiingia, kushoto ni upande wa wanaume, tandiko na hatamu zao, kulia ni upande wa wanawake, vyombo na maziwa, mbele kabisa, mkabala na mlango, ni *tör*, mahali pa heshima, nyuma yake mifarishi imepangwa hadi dari. Siku mbili nilikuwa nimekalishwa tör. Mchana wa siku ya tatu nilikaa upande wa kulia, karibu na jiko, na kisu mkononi, namenya viazi. Nilikuwa nimeshushwa kutoka kwenye heshima, na sijawahi kupandishwa namna ile.

Ndipo apa alipoanza kuzungumza. Siku mbili alikuwa amenijibu; sasa aliniuliza. Kwetu nani anakamua? Mama yangu alizikwa wapi? Nikienda safari nani analala na watoto? Alinieleza na mambo ambayo mgeni wa tör haambiwi: kwamba magoti yake yanauma kila Septemba zaidi ya Septemba iliyopita, kwamba bondeni wana nyumba ya matofali yenye umeme na televisheni na anaipenda, kwamba binti akimaliza chuo huenda asipande tena, na yeye hatamlazimisha. Binti alitafsiri maneno hayo ya mwisho akiwa ameinamia viazi vyake, sauti haikubadilika, ila alikuwa amemenya kiazi kile kile mara mbili.

Kwa hiyo anayetaka kwenda kulala mlimani pasipo gridi akidhani anakwenda kukaa bila kumtegemea yeyote, amekosea njia. Mjini ndiko tunakoweza kujidanganya hivyo, kwa sababu waya na bomba vinamficha mtu aliye upande wa pili. Mhandisi wa bwawa, mchimba mtaro, mama anayelipa bili kwa kuuza vitumbua, wote wako ndani ya swichi na hatuwaoni. Yurta haina pa kuwaficha. Imejengwa kwa kuegemeana, kuanzia taji lake hadi kikombe cha maji, na anayekaa ndani yake bila kubeba chochote anakuwa kombamoyo lisilofungwa upande mmoja.

Ukienda, basi, nenda na nguo za baridi hata kama ni Julai, maana usiku hushuka chini ya sifuri na theluji huweza kuanguka mwezi wowote. Nenda na tochi, na zawadi ya kuliwa: chai nzuri, sukari, matunda, ambayo juu hayapatikani. Takataka zako shuka nazo. Mwambie dereva asikate njia mpya majanini, kwa sababu nyasi za kimo hiki hukua wiki chache tu kwa mwaka na jeraha la tairi hukaa muda mrefu. Na usiondoke baada ya usiku mmoja na picha zako. Kaa mpaka siku ya tatu.

Usiku wangu wa mwisho nyota zilianza kupotea tena, safari hii upande wa magharibi. Sijui ni sikio lililoamka au ni ngozi. Nilijua mvua inakuja kabla ya tone. Nilivaa koti juu ya nguo za kulalia, nikavuka kizingiti bila kukikanyaga, nikazunguka nyuma ya nyumba nikipapasa sufu hadi nikaipata kamba. Ilikuwa nzito na baridi. Nilivuta, kifuniko kikanasa kwenye ukingo wa taji, nikavuta tena, kikapita. Nilikuwa bado nafunga fundo, vidole vimekufa ganzi, niliposikia mlango wa nyumba ya pili na hatua zikija juu ya majani yaliyolowa.

Mwanga wa tochi ulipanda hadi kwenye tunduk, ukakaa hapo kidogo, ukashuka hadi mikononi mwangu. Apa alisogea, akaishika kamba, akaivuta mara moja kulipima fundo. Likashika. Akazima tochi, akarudi kulala.